Sauti Kwenye Mengineyo

Uso wa mke wangu ninao. Upo ukutani sebuleni kwa binti yangu, ndani ya fremu ya plastiki, kavaa gauni la vitone na anamtazama mpiga picha kama mtu aliyekanyagwa kidole. Kilichonitoka ni sauti.

Haikuondoka kwa mkupuo. Mwanzoni nilikuwa nikifumba macho namsikia akiniita kutoka uani, mara nyingine hata naitika. Baadaye nikawa namsikia, lakini anaita kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Baadaye tena yakabaki maneno matupu, yamekaa kichwani kama maandishi kwenye kibao, na mimi na maandishi hatujawahi kuelewana. Shule niliiacha pale walipoanza kuunganisha herufi. Asubuhi moja nikaamka, nikatafuta, nikakuta hakuna kitu. Nikakaa ukingoni mwa kitanda napapasa ndani ya kichwa changu kama mtu anayetafuta kiberiti gizani.

Nikaenda kumuuliza binti yangu. Alikuwa anapiga pasi.

"Mama yako alikuwa akiongeaje?"

"Kwa mdomo, baba."

"Sitanii."

Akaisimamisha pasi. "Baba, mama kafariki mimi bado nina mapengo ya utotoni. Namkumbuka mikono tu. Alikuwa akinisugua masikio mpaka nalia."

Kwa hiyo hata shahidi sina.

Ningekuwa na kanda. Ukiniuliza kwa nini sina, kawaulize wakubwa. Mke wangu aliimba katika bendi ya kiwanda cha nguo. Hakuwa mwimbaji mkuu. Alikuwa mmoja wa waitikiaji, wanawake watatu waliokuwa wakishinda kwenye mashine za kusokota nyuzi, jioni wananawa uso na kupanda jukwaani na pamba bado imewaganda kwenye nywele. Redio iliwarekodi kanda za kujaza kabati zima. Redioni akaja mkurugenzi mpya, akasema kanda ni ghali, zitumike tena. Wakarekodi juu yake hotuba za kufungua visima. Maji visimani hayakutoka, lakini hotuba zipo mpaka kesho. Na mke wangu mwenyewe alikufa kwa kukosa hewa katika hospitali yenye mtungi wa hewa. Mtungi uko stoo, ufunguo wa stoo uko mfukoni mwa daktari mkuu, daktari mkuu yuko semina. Semina ya huduma bora kwa mgonjwa. Hapo pia sitanii.

Mimi kwenye bendi sikuwa mwanamuziki. Nilikuwa mbeba vyombo. Spika, ngoma, maboksi ya nyaya, vyote vilipanda na kushuka lori juu ya bega langu, ndiyo maana wakaniita Winchi. Mke wangu nilimpata huko huko. Aliniambia nina mgongo mzuri wa kuegemea, nikamwambia spika nayo inasema hivyo hivyo.

Sasa, siku moja binti yangu akarudi kutoka kazini, hajavua hata viatu, akaninyooshea simu.

"Baba, sikiliza. Kuna kampuni ya muziki imenunua wimbo wa bendi yenu. Kanda ilikuwa kwenye sanduku la bati kwa familia ya yule kiongozi wenu."

"Profesa?" Ndivyo tulivyomwita kiongozi wa bendi, kwa sababu ya miwani na dharau.

"Huyo huyo. Wanataka kuuchanganya upya, vijana wauchezee. Na wanamtafuta mwanamuziki yeyote wa bendi aliye hai, wamrekodi video."

"Naenda."

"Baba. Wewe si mwanamuziki."

"Nani atabisha? Wote wameshakufa."

"Utasema ulipiga nini?"

"Besi."

"Kwa nini besi?"

"Kwa sababu hakuna anayeisikiliza."

Akacheka, halafu akaniangalia vizuri, kicheko kikaisha. Alielewa ninachokifuata. Usiku ule ule alininyooshea shati langu la kola, asubuhi akanifunga vifungo vyote mpaka cha shingoni kama vile ni mimi ninayepelekwa shule.

Studio ilikuwa ghorofani, juu ya duka la rangi. Ukipanda ngazi harufu ya rangi inapanda nawe mpaka mlangoni. Mlinzi akaninyang'anya simu kwa adabu na kuiweka kwenye kabati lenye vijumba vijumba.

"Sheria, mzee wangu. Kuna mtu alirekodi wimbo humu kwa simu, ukapigwa mitaani kabla haujazinduliwa. Fundi aliyekuwa zamu kafukuzwa."

"Simu yangu hii hata kuita inaita kwa kubembelezwa."

"Sheria ni sheria."

Fundi wa sauti alikuwa mwanamke wa rika la binti yangu, kajifunga kitambaa kichwani na juu ya kitambaa kavaa hedifoni kubwa kama mabakuli. Wenzake walimwita Masikio. Chumba chake kilikuwa kimebandikwa sponji kuta zote, hakina dirisha. Humo ukisema neno, linaanguka miguuni pako halisogei.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Wewe ndiye mpiga besi?"

"Ndiye."

"Basi leo utajisikia." Akanivutia kiti. "Zamani mlirekodi wote chumba kimoja, si ndiyo? Kila kitu kimelala pamoja kwenye kanda. Ulikuwa huwezi kutoa kimoja peke yake, ni kama kutaka kutoa sukari kwenye chai. Sasa hivi kuna hii programu. Imesikilizishwa nyimbo mpaka imeshiba, imejifunza ngoma inaliaje, besi inaliaje, mtu anaimbaje. Ukiipa wimbo inakisia hiki ni hiki, kile ni kile, inavitenga. Akili mnemba, baba."

"Inakisia?"

"Inakisia vizuri."

"Wakubwa wetu nao walikuwa wanakisia, na walisomeshwa zaidi ya hiyo."

Akacheka mpaka hedifoni zikamshukia shingoni. Kwenye kioo cha kompyuta ikajitandaza mistari minne ya rangi, yenye vilima na mabonde. Akanionyesha kwa kidole: "Sauti. Ngoma. Besi. Na huu wa mwisho unaitwa Mengineyo."

"Mengineyo ndiyo nini?"

"Chochote ambacho mashine haikukijulia pa kukiweka. Magitaa, tarumbeta, kinanda, kikohozi cha mtu."

Nikakumbuka sherehe za kiwandani. Mgeni rasmi anasimama: ndugu mkurugenzi, ndugu mameneja, ndugu wahandisi, na wengineo. Wengineo ndio sisi tuliokuwa tumevipanga hivyo viti walivyokalia.

Masikio akaanza na besi, kwa heshima yangu. Akazima mistari mingine yote, ikabaki ile peke yake, uchi. Mpiga besi wetu, Mungu amrehemu, alikuwa mlevi wa kupindukia. Bendi nzima ikipiga humgundui, amejificha nyuma ya ngoma. Hapa alikuwa anatembea kama mtu anayetafuta choo kwenye nyumba ya wageni.

"Baba, hapa ulikuwa unatafuta nini?"

"Noti."

"Uliipata?"

"Nilikuwa nimechoka siku hiyo."

"Pole. Na hapa?"

"Hapo pia nilikuwa bado nimechoka."

Nikayabeba makosa ya marehemu kama nilivyokuwa nikiibeba spika yake. Lakini uvumilivu ukaniishia. Nikamwambia, "Mwanangu, besi achana nayo. Nipe sauti. Mke wangu yumo humo."

Akaacha kutabasamu. Nikamweleza yote, isipokuwa besi: kwamba picha ninayo, kwamba kanda zilifutwa, kwamba nimemtafuta kichwani simuoni. Nikamwambia sitaki video, sitaki kitu chochote chao, nataka nimsikie tu. Akanivalisha hedifoni kwa mikono yake, akaziba na kufungua mistari.

Kwanza akaja mwimbaji mkuu, peke yake, hana bendi nyuma, kama mtu anayelalamika bafuni. Halafu kiitikio kikaingia. Wanawake watatu.

*Barua yako haikufika, rudi wewe mwenyewe.*
*Karatasi haina joto, rudi wewe mwenyewe.*

Walikuwa karibu mno. Nilisikia mate yakimezwa. Nilisikia mmoja akivuta pumzi kabla ya "rudi". Walikuwa wamesimama pamoja mbele ya kipaza sauti kimoja, sauti zimesukwa kama ukili wa mkeka, hujui jani hili linaanzia wapi.

"Yupi?" Masikio akauliza.

Nikasikiliza tena. Nikamwomba arudie, akarudia, nikamwomba tena. Nilibana macho mpaka nikaona nyota.

"Sijui," nikasema.

Nimeishi naye. Nimezozana naye, nimemuuguza, kanizalia. Nimewekewa mbele yangu, na simjui. Kama si Masikio kunishika mkono ningeling'oa lile likofia la masikio nikalipasua sakafuni.

"Watenganishe," nikamwambia. "Si umesema mashine inatenga?"

"Baba, inatenga mwimbaji na ngoma. Hawa wote kwake ni sauti tu. Haijui mke wa nani ni yupi."

Ndipo nikakumbuka kitu, nikaona aibu kwamba nilichelewa kukikumbuka. Mke wangu alikuwa hana r. Kwao walivyoongea, na yeye alivyokua, r yote ilikuwa l. Alikuwa anasema balua, anasema kalatasi, anasema lafiki yangu. Nyumbani tulikuwa tukimcheka na yeye akijicheka. Profesa hakucheka. Aliuandika wimbo wenye r kila kona, halafu akamwambia mbele ya bendi nzima: "Wewe mama, ukifika kwenye r, funga mdomo. Wenzako watakusemea." Mazoezini nilimwona kwa macho yangu, nimekalia boksi la nyaya. Wenzake wanasema "barua", yeye kabana midomo, anaingia kwenye "yako".

Nikamwambia Masikio. Akaupeleka wimbo mwanzoni mwa kiitikio, akausogeza polepole.

"Barua," akasema. "Wawili." Akasogeza. "Yako... Watatu! Baba, watatu! Ameingia!"

"Tena."

"Rudi, wawili. Wewe mwenyewe, watatu. Karatasi, wawili. Yumo, baba, anaingia na kutoka."

Ni kweli. Nilimsikia alipokuwa hayupo. Pale sauti zinapopungua, hapo ndipo alipobana midomo. Ningeweza kukionyesha kidole kile kimya nikasema huyu mke wangu. Lakini kila alipofungua mdomo wenzake nao walikuwa wamefungua, wanamfunika. Tulipita kiitikio baada ya kiitikio na kila mara ilikuwa hivyo: shimo, halafu rundo. Nikaanza kumchukia Profesa upya kaburini mwake. Alimnyamazisha kwenye maneno yale yale ambayo mtu angeweza kumtambulia.

Kiitikio cha mwisho Masikio akakisimamisha. Akainamia kioo, akarudisha nyuma, akasikiliza kajishika hedifoni kwa mikono miwili.

"Hapa pamenyofolewa," akasema. "Kwenye rudi ya mwisho. Sauti inakatika vibaya, kama karatasi iliyochanwa. Kuna kitu mashine imekitoa."

"Kimekwenda wapi?"

"Kama hakiko kwenye Sauti..." Akaufungua ule mstari wa nne.

Gitaa. Kinanda. Tarumbeta ikipanda, maana hapo mwishoni mpiga tarumbeta alikuwa akipasua mashavu. Na ndani ya tarumbeta, kwenye urefu ule ule wa mlio, kiasi kwamba mashine ikashindwa kujua chuma ni kipi na mtu ni nani, mwanamke mmoja, peke yake, akasema:

*Ludi.*

Masikio akanitazama. Sikuweza kumtazama.

Alikuwa ni yeye. Sikukisia. Ule ukavu kidogo mwanzoni mwa neno, kama ameamka sasa hivi, halafu inalainika, na kwa nyuma kabisa kijicheko alichokuwa nacho kila anapofanya jambo alilokatazwa. Maana hakusahau, msinidanganye. Wimbo mzima alinyamaza kama alivyoamriwa, akangoja tarumbeta ipande, akajua hawatamsikia, akalisema neno lake. Na baada ya lile neno vingine vikafuata vyenyewe, navisikia: Winchi, ludi ndani, mvua. Winchi, mtoto kalala, usibulute kiti. Nyumba nzima ikarudi kwa silabi mbili.

"Rudia," nikasema.

Akarudia.

"Rudia, mwanangu."

Sijui alirudia mara ngapi. Machozi yalikuwa yananiingia kwenye kola ile iliyofungwa.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Meneja. Kijana, viatu bila soksi, tabasamu limetangulia mwili. Nyuma yake mpiga picha na kamera begani.

"Gwiji wetu! Mzee wa besi!" Akanikumbatia. "Mfadhili anakuja mchana kusikiliza, tuko mbio. Masikio, tumefika wapi? Hebu nisikie."

Masikio akaweka. Neno likatoka kwenye spika, chumba kizima kikalisikia.

"Ludi?" Meneja akakunja uso, halafu akacheka. "Ludi ndiyo nini? Toa hiyo. Chukua rudi ya kiitikio cha kwanza, ibandike hapo. Na huo mstari wa Mengineyo uupitishe tena, safisha."

"Bosi, huyo ni mke wa mzee."

"Nani?"

"Marehemu mke wangu," nikasema. "Nimemtafuta sana. Nipeni hicho kipande tu, mwanangu. Neno moja. Halina faida kwenu, si mmesema mnalitupa?"

Akaniwekea mkono begani. Wakubwa wote nimewaona wakifanya hivyo kabla ya kukunyima.

"Mzee wangu, nakuelewa kabisa. Lakini kila kilichomo kwenye kanda ni mali ya kampuni. Tumenunua."

"Mmenunua kwa nani?"

"Kwa familia ya kiongozi wa bendi."

"Yeye alimnyamazisha, halafu watoto wake wakamuuza?"

Mpiga picha akakohoa. Meneja tabasamu lake halikutikisika. "Andika barua makao makuu, uombe. Watakaa, watajadili. Mimi mwenyewe nitaipigania. Sasa njoo tupige video kwanza, tukimalizana vizuri nitaona la kufanya. Sawa, gwiji?"

Nitaona la kufanya. Katika maisha yangu sijawahi kumwona mkubwa aliyeliona. Ila mtu anayezama hachagui kamba, nikasimama. Wakaleta gitaa la besi, jekundu, linang'aa. Meneja akanikabidhi. "Lishike tu kama enzi zako."

Na mimi nikalishika kama enzi zangu. Mkono mmoja shingoni, mmoja chini, nikalinyanyua, nikaliweka begani.

Sikuwaza. Mwili ulifanya wenyewe. Nikasimama pale na besi begani, nimegeukia mlangoni, nangoja nielekezwe lori liko wapi.

Mpiga picha akapasuka kucheka. "Mzee, hilo ni gitaa, si gunia!"

"Anatania," Masikio akasema haraka. "Wazee wa bendi wana utani."

"Piga kidogo basi," Meneja akasema. Sasa alikuwa hatabasamu. "Noti moja."

Nikalishusha. Nikaweka vidole pale nilipokuwa nikiwaona wenzangu wakiweka. Ukatoka mlio kama wa mlango wa chuma.

"Wewe si mpiga besi."

"Nilikuwa kwenye bendi."

"Ulipiga nini?"

"Nilibeba. Mimi ndiye Winchi."

"Mbeba vyombo." Alilisema kama anasoma lebo kwenye chupa. "Umetudanganya, mzee. Nimeshamwambia mfadhili kuna mwanamuziki. Masikio, toa hilo neno sasa hivi, na huyu mzee asindikizwe."

Nikapiga magoti. Sina haja ya kulificha. Magoti yangu haya yalikataa kupigwa hata kwa mkurugenzi wa kiwanda alipokuwa anatufukuza, nikayapiga mbele ya kijana asiye na soksi. Nikamshika suruali. Nikamwambia nilidanganya besi, mke sikudanganya. Nikamwambia wamsikilize, ni neno fupi, halina hata uzito. Yeye akawa anarudi nyuma, ananiambia, "Mzee, simama, mzee, unanidhalilisha," kana kwamba sakafuni yuko yeye.

Masikio alikuwa na kidole juu ya kibonyezo. "Bosi, lazima nilisikie nijue nakata wapi," akasema, na bila kungoja jibu akalipiga kwenye spika zote, sauti imepandishwa mpaka juu.

*Ludi.*

Kuta za sponji zikalimeza. Akabonyeza. Pale kwenye kilima pakawa bapa.

Alinisindikiza mwenyewe mpaka kwenye ngazi. Macho yamemwiva. "Kanda yenyewe imefungiwa makao makuu, baba, na kila kitu kinachotoka kwenye kompyuta yangu wanakikagua. Nikipata upenyo nitajaribu. Lakini usinitegemee, nisije nikakudanganya."

Nilitaka kumshukuru. Nikafungua mdomo, nikaufunga. Ndipo nilipogundua: ninalo. Lilikuwa kichwani, bichi, kama limetamkwa sasa hivi, na mahali pengine ninapoweza kulifikia halipo. Nikamtikisia kichwa tu, nikashuka.

Mlinzi akanirudishia simu. "Vipi mzee, umeshakuwa nyota?" Nikapita kama bubu.

Njiani nilikwenda nikiambaa ukuta. Ludi. Nalirudia ndani, bila ulimi, na ule ukavu wa mwanzo, na ule ulaini. Duka la simu lilikuwa limetoa spika nje, linabweka punguzo la bei. Nikaingiza vidole masikioni nikavuka. Fundi viatu wa kona ya mtaa wetu akaniona.

"Winchi! Umeziba masikio, unamkimbia nani? Shemeji yangu wewe, hata salamu?"

Sikuitika. Nikamsikia nyuma yangu akiwaambia wateja, "Shati lenye kola limempanda kichwani."

Karibu na nyumbani likatokea gari la matangazo, lenye vipaza sauti juu kama pembe, linatangaza kwamba mheshimiwa atafika, wananchi wote wajitokeze kwa wingi, usafi ufanyike mbele ya kila nyumba. Lilikuwa linakuja kwangu moja kwa moja, mwendo wa konokono. Hata hapa, nikasema moyoni, hata hapa mmenifuata. Nikakatiza uchochoroni, nikachuchumaa nyuma ya pipa la maji la watu, kichwa katikati ya magoti, mpaka lilipopita. Nikasikiliza. Bado yumo. Ludi. Amefifia kidogo, lakini yumo.

Binti yangu alinifungulia mlango. "Baba, mbona—"

Nikanyoosha mkono: usiseme.

"Baba, nini? Umeanguka? Magoti yana vumbi."

Nikaweka kidole mdomoni.

Akashtuka. Alidhani ni kiharusi. "Baba, cheka kidogo nione mdomo! Nyanyua mikono! Yote miwili! Mungu wangu, hawezi kuongea, jirani, njooni!"

"Naweza," nikasema, kwa sababu angejaza watu uwanjani. "Nimemsikia."

"Nani?"

"Mama yako."

Akakaa. Palepale kizingitini, kama aliyekatwa kamba. Alipouliza, alikuwa mtoto yule yule mwenye mapengo.

"Alisemaje?"

"Neno moja. Amesema rudi. Ila kwa l."

"Umeleta?"

Nikatikisa kichwa. Nikagusa paji la uso wangu, kuonyesha liliko.

"Basi mwigize, baba. Na mimi nimsikie. Mara moja tu."

Ningemkatalia vipi? Nikafumba macho. Alikuwepo. Nikauweka ulimi pale alipokuwa akiuweka, nikavuta pumzi ndogo kama yake, nikaacha kile kicheko kikae nyuma ya meno.

"Ludi," nikasema.

Ilitoka sauti ya mzee, nzito, yenye mikwaruzo, yenye vumbi la ngazi na njia. Binti yangu alikuwa bado kainua uso, anangoja. Nikanyamaza upesi, nikasikiliza ndani kama bado yumo.

Nikaisikia sauti yangu mwenyewe.